Kinyozi Aliyeogopa Mkono Wake

Mtaani walimwita Mkono Mwepesi, kwa sababu ukikaa kwenye kiti chake unasinzia, na ukizinduka ndevu hazipo. Alikuwa kinyozi tangu ujana, mcheshi, anaongea kuliko redio yake. Siku moja, akimnyoa mzee jirani shingoni kwa wembe, likamjia wazo: kandamiza. Hakuwa na ugomvi na yule mzee. Lakini wazo lilikuja na picha kamili, damu na taulo, mkono ukaingia ganzi. Akamalizia kwa mashine, akasingizia wembe umekuwa butu.

Tangu hapo wazo hilo halikumpa nafasi. Nyumbani likahamia kwenye kisu cha jikoni na shingo ya binti yake mdogo. Akaacha kumbeba. Akaacha kukaa naye mezani. Mwishowe akafunga saluni, akasema mgongo unamsumbua. Wateja wakacheka: Mkono Mwepesi kawa mgongo mzito!

Dada yake, anayefanya usafi hospitalini, ndiye aliyemtafutia nafasi kwa daktari wa afya ya akili.

"Kaka, nenda ukaseme yote."

"Nikisema yote, dada, sitoki. Watanifungia humo humo."

"Sasa utawaambia nini? Mgongo?"

Alikuwa akijizoeza mbele ya kioo cha saluni, mlango umefungwa. Daktari, sipati usingizi. Daktari, nina mawazo. Yote yalikuwa kweli, na yote yalikuwa ya kukwepa. Lile lenyewe likifika kooni linarudi.

Jioni ya kuamkia siku ya miadi, mkewe alikuwa akimpigia shati pasi. Kinyozi akaona si haki mgeni ajue kabla ya mama wa mtoto. Akamwambia.

Mke akaisimamisha pasi taratibu, isiunguze kola.

"Mtoto wetu huyu?"

"Ndiyo."

"Unataka kumdhuru?"

"Sitaki! Afadhali nife mimi."

Mke hakulia wala hakupiga kelele. Alimalizia kola, akalitundika shati, akambeba mtoto aliyekwisha lala, akaingia naye chumba cha pili. Komeo likalia. Kinyozi hakumlaumu. Kilichomchoma zaidi ni kwamba, aliposikia lile komeo, alishusha pumzi.

Asubuhi mtoto alipelekwa kwa shangazi yake. Mke alikuwa amevaa tayari. "Nakusindikiza," alisema, na hawakuongea tena mpaka hospitali.

Muuguzi akauliza shida ni nini.

"Sipati usingizi," kinyozi akaanza. Akamtazama mkewe. Mke alikuwa ameinamia sakafu. "Linanijia wazo la kumchinja mwanangu. Sitaki, lakini linakuja."

Muuguzi hakuruka kwenye kiti. "Likija unafanya nini?"

"Nakimbia. Natoka nje."

"Wanaokuja hapa na shida kama yako si wachache, baba. Nao wanakimbia hivyo hivyo, kwa sababu hawataki."

Ndipo mke alipolia, kwa sauti, kama aliyefiwa.

Hawakumfungia. Daktari alimpa dawa na siku ya kurudi, akamwambia kwamba safari ni ndefu. Kurudi nyumbani, mke alitangulia mbele, kinyozi nyuma.

Saluni hakuifungua tena. Sasa anapaka rangi nyumba za watu. Wazo bado humjia, mara chache. Likija, anamwambia mkewe palepale, na mkewe, japo bado anaogopa, humsikiliza mpaka mwisho.