Torgunn Akataa Kuosha Mkanda

Torgunn Sævik alikuwa na miaka hamsini na saba, na thelathini kati ya hiyo aliimaliza akikata minofu kwenye kiwanda cha samaki cha kisiwani kwao, kaskazini mwa Norwei. Hakuwa mtu wa maneno. Huko kwao watu wawili wanaweza kufanya kazi bega kwa bega mwaka mzima wakaambiana habari za upepo tu, na bado wakahesabiana marafiki.

Ndiyo maana watu walishtuka siku alipomjibu meneja. Hallgeir, aliyeletwa na wenye kiwanda kuja kubana matumizi, alitaka mkanda unaosafirisha samaki uoshwe huku unazunguka, kwani kuuzima kulipoteza dakika ishirini.

"Sioshi mpaka uzimwe," Torgunn akasema.

"Hii ni amri."

"Nimesikia. Sioshi."

"Unataka niseme mara ya tatu?"

"Sema tu. Ila dakika zako zinakwisha."

Wenzake wakainamia samaki kuficha kicheko. Kicheko hicho kilimuuma Hallgeir kuliko habari ya mkanda. Baada ya kikao cha dakika kumi, kwa kuwa sheria inataka kikao, barua ikaja: Torgunn anaachishwa kazi kwa kukaidi amri ya mkubwa wake mbele ya wafanyakazi.

Chama cha wafanyakazi kikamfungulia kesi. Na kwa vile sheria ya kule inamruhusu aliyeachishwa namna hiyo kubaki kazini mpaka mahakama iamue, Torgunn alibaki. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi alivaa buti zake, akamsalimu Hallgeir, na Hallgeir hakuwa na budi ila kumpa kazi. Alimpa ya kupanga maboksi. Mkanda akapewa Oddlaug, aliyekula na Torgunn meza moja kwa miaka kumi na tisa.

Oddlaug akahamia meza ya mwisho. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, bila neno. Kwa miezi mitano Torgunn alikula mkate wake na jibini peke yake. Hakumlaumu mtu kwa mdomo, lakini iliuma, na asije mtu akasema watu wa baridi hawaumwi. Kisiwani hapo hapakuwa na kazi nyingine. Akishindwa, angefunga nyumba ya wazazi wake na kuhama.

Siku ya kesi, kampuni ilimleta Oddlaug kama shahidi wake, athibitishe kwamba Torgunn alijibu kwa dharau. Akathibitisha, kwa sauti ndogo. Hakimu, mama mmoja aliyekuwa na mafua, akapenga kamasi kisha akauliza la kwake.

"Tangu siku ile, mkanda anauosha nani?"

"Mimi."

"Ukiwa umezimwa?"

Oddlaug akatoa mkono wa kushoto mfukoni, akauweka mezani. Kidole cha shahada kilikuwa na bendeji, tena kilikuwa kifupi. Kiwandani ilisemekana amekatwa na kisu.

"Ukiwa unazunguka," akasema.

"Daftari la ajali linasema kisu."

"Niliandika nilichoambiwa niandike."

"Kwa nini hukukataa kuuosha?"

"Nilimwona aliyekataa alivyofanywa."

Hallgeir alifungua faili lake, akalifunga tena. Wiki tatu baadaye hukumu ikatoka: kuachishwa kule ni batili, Torgunn aendelee na kazi yake ya zamani. Aliisoma mara mbili akiwa jikoni. Hakufurahi kama alivyotarajia, maana akili yake ilikuwa kwenye kile kidole.

Jumatatu alirudi mkandani. Oddlaug akaja na ndoo, macho chini.

"Nianzie upande gani?"

"Wowote," Torgunn akasema. "Zima kwanza."

Oddlaug akabonyeza kitufe kwa mkono wa kushoto. Mashine zikanyamaza ukumbi mzima, na hakuna aliyeuliza ni amri ya nani.