Velkro ya Viatu vya Shosho

Jumapili iliyopita kanisani, kijana wa besi aling'oa pedali ya gitaa, kile kisanduku cha kukanyaga kinachobadili sauti, kwenye ubao wake. Velkro, ule utepe wa kunatana, ikalia kraa, nikatoka nje.

Sauti hiyo niliijulia utotoni mtaani Bondeni, mchana mmoja wa joto, chumba kikinuka gundi na jasho la miguu. Anko, mpiga gitaa, alikuwa akibandua velkro kwenye viatu vya Shosho, mamake, aliyelazwa hospitalini na miguu iliyovimba. Nilifurahi, nikidhani anavitengeneza.

“Pedali lazima zishike, boss,” aliniambia, akizibandika ubaoni kwa velkro hiyo, moja moja. “Huyo mathe hatoki huko hospitalini.”

Shosho alitoka. Akaketi mlangoni, viatu vimefungwa kwa kamba ya nailoni, akamsikiliza mwanawe akipiga gitaa na kukanyaga pedali zake.

“Huyu wangu,” akasema, “anajua kupiga.”