Nilivyoipeleka Ngome ya Kalmar Soweto

Jumamosi moja ya mwaka 2018 niliondoka nyumbani Braamfontein kwenda Soweto kumshawishi mjane auze duka. Aliyeniomba ni Bernard, Mrundi ninayesali naye. Kaka yake alikuwa amefariki, na mjane wake, Mama Aline, alibaki peke yake na spaza, kiduka cha kuuzia dirishani, huku maduka ya wageni mtaa wa jirani yakiporwa. Siku hiyo familia ilikuwa na kikao.

"Wewe umesoma," Bernard alisema. "Atakusikiliza."

Miaka yote ya kufundisha historia sijakutana na mtu anayenisikiliza kwa sababu hiyo, lakini nilikubali.

Ndani ya basi la mwendo kasi nilipanga hoja yangu. Ningemsimulia habari za ngome ya Kalmar, kule Sweden, iliyozingirwa na jeshi la mfalme wa Denmark mwishoni mwa enzi za kati. Kuta nene, maji pande zote, na bado ikasalimu amri. Hoja safi: ukizingirwa, toka mapema.

Soweto tuliketi juu ya kreti za soda nyuma ya duka. Bernard alifungua kikao kwa sala, kisha akanipa nafasi. Nilisimulia vizuri mno. Nilipofika kwa kamanda wa ngome aliyefariki na mjane wake akashika uongozi, Mama Aline aliacha kuchambua maharage.

"Ngoja, Profesa. Mume kafa, funguo kachukua yeye?"

"Ndiyo."

"Mashemeji wakasema nini?"

"Vitabu havisemi."

"Eish! Basi walinyamaza. Alishikilia muda gani?"

"Miezi kadhaa. Ila mwishowe aliikabidhi..."

"Wakamuua?"

"Hapana. Aliikabidhi kwa masharti."

Akamgeukia Bernard. "Shemeji, na mimi nina masharti. Niachie mpaka Krismasi. Usiku nitalala kwa mama mwenye nyumba. Nikishindwa, funguo nitakuletea mwenyewe."

Bernard alinitazama. "Profesa, nimekuleta unisaidie, umemletea jeshi!" Kisha akacheka, akavua koti, akaenda kupanga magunia ya unga.

Jioni nilirudi Braamfontein na mkate niliouziwa bila punguzo. Miaka mingi nimeifundisha Kalmar kama habari ya kushindwa, kwa sababu nilianza kuisoma kutoka mwisho. Mama Aline aliianza pale mume alipofariki.

Januari Bernard alinipigia simu, akisema anahitaji msaada dukani kwa Mama Aline. Njia nzima niliandaa hoja mpya. Kumbe alitaka tu mtu wa kushika upande wa pili wa friji mpya.