Barua Isiyo na Salamu

Bi Aida wa mtaa wa Kibokoni alikuwa na binti mmoja tu, na huyo mmoja, Swabaha, alikuwa Cardiff, kule Wales, akisomea uuguzi. Mwaka ulikuwa tisini na nane, wa pili tangu aondoke. Barua zake zilifika kila mwezi, zile karatasi za buluu za ndege zinazokunjwa zikawa bahasha zenyewe. Karatasi hizo ni ndogo, na watu wa kusalimiwa Kibokoni ni wengi. Ukimtaja shangazi ukamsahau mke wa mjomba, umezua neno. Basi Swabaha alisalimu nyumba kwa nyumba mpaka karatasi ikajaa, kisha pembeni, kwa herufi za kubanana, akamalizia: mimi mzima, hofu ni juu yenu.

Bi Aida alisoma herufi za Kiarabu, zile za chuo cha Kurani. Hizi nyingine alisomewa na nduguye mdogo, Abdulhalim, karani mstaafu wa bandarini. Kila barua ilipokwisha aliuliza yaleyale.

"Na analala wapi?"

"Hakusema."

"Anakula nini?"

"Dada, hakusema."

Alichotaka kilikuwa kidogo: afumbe macho amwone mwanawe mahali alipo. Lakini akifumba humwona Swabaha wa zamani, katoka chuoni, buibui kalitupa kitini, anakula viazi vya karai na ukwaju ukimchuruzika hadi kiwikoni. Nyuma yake hapakuwa na ukuta wala kitanda. Weupe mtupu.

Mapenzi, muuzaji aliyepitisha mchicha mlango kwa mlango, alimtania. "Barua za mwanao, Bi Aida, ni kama siku ya Idi iliyokosa chakula. Kupeana mikono tu, biriani hatulioni."

Bi Aida alicheka, lakini neno lile lilimkaa.

Kisha siku moja, baada ya Alasiri, ikaja bahasha nene. Abdulhalim alivaa miwani, akafungua. Akageuza karatasi, akatazama nyuma.

"Haina salamu."

"Vipi haina?"

"Yaanza tu. 'Mama, leo imenyesha mvua ya mawe.' Wala mimi mjomba wake sikutajwa." Akaikunja. "Hata barua ya kufukuzwa kazi huwa na salamu. Sisomi mie."

Bi Aida alimjua. Miaka thelathini bandarini alirudisha kila karatasi iliyokosa muhuri. Kumbembeleza ni kutwanga maji. Akajifunga leso vizuri, akakaa wima, akasema kwa niaba ya bintiye:

"Asalaam aleikum, mjomba wangu Abdulhalim. Nakusalimu wewe, na mkeo, na wanao, na goti lako linalokuuma. Nawasalimu wa nyumba ya juu na wa nyumba ya chini, na yule wa pembeni asiyetusemesha. Namsalimu Mapenzi na mchicha wake."

Abdulhalim alijikaza, lakini masharubu yalianza kumcheza.

"Umemsahau Muhdhar wa kahawa."

"Na Muhdhar wa kahawa. Haya, salamu zimetimia. Soma."

Akasoma. Swabaha alieleza kuwa maktaba ya chuo chao ina kompyuta, na humo wasafiri huandika habari za safari zao, asome atakaye. Yuko mzee mmoja anayepita nchi kwa nchi kwa baiskeli, na kila alipolala huandika alichokula na nani alimcheka.

"Wiki tatu namsoma, Mama. Namjua yule mzee kuliko unavyonijua wewe sasa. Juzi ameandika kuwa blanketi lake lina tundu na kidole cha mguu hutokea hapo, nikalia. Wewe sijakuambia hata rangi ya blanketi langu. Kwa hivyo nimeamua kukuandikia kama msafiri. Wote wanisamehe.

"Chumba changu ni hatua sita kwa nne. Ukiingia, dirisha liko mbele yako, na kitanda chini yake. Blanketi ni la kahawia. Meza iko kushoto. Kawa la kufunikia chakula ulilonisukia nimelitundika ukutani, na wageni huniuliza hiyo ni kofia ya nani. Dirishani naona paa la duka la mikate, na shakwe wanene kama kuku, wezi wakubwa. Mkate wa huku hauna nazi. Upweke upo, sikufichi, Jumapili hasa, maduka yakifungwa mapema na mji mzima ukanyamaza."

Abdulhalim akavua miwani akaifuta, kisha akaendelea bila kuambiwa mpaka mwisho.

"Rudia pale pa chumba," Bi Aida alisema.

Alirudia. Bi Aida akainuka, akaenda mlangoni mwa ukumbi wake, akaanza kupima. Hatua sita zikamfikisha karibu na ukuta. Akageuka, akapima nne, ya nne ikagota kabati la vyombo.

"Kitanda umesema wapi?"

"Chini ya dirisha."

Akavuta busati hadi pale hatua ya sita ilipoishia, akaketi juu yake, miguu kainyoosha. Akatazama kushoto, akatazama juu.

"Chumba ni kidogo," akasema. "Lakini mtu anakaa."

Kisha akamgeukia nduguye.

"Sogea, Abdulhalim. Umekalia meza yake."