Kibao Kilichotia Uchungu Kachumbari

Enzi zetu mbao zilionjwa kwa ulimi. Usicheke. Wewe wa rika langu uliyekulia Tanga unajua ninachosema. Marehemu baba alikuwa fundi wa vibao vya kukatia mboga, na kila kibao kikishapigwa randa na msasa, alikilamba kabla ya kukipaka mafuta ya nazi. Kikiwa kichungu, kinakwenda jikoni kuwa kuni. Kikipita, anachoma pembeni vitone vitatu kwa msumari wa moto. Hiyo ndiyo ilikuwa saini yake, maana kuandika hakujua. Akina mama sokoni walikigeuza kibao, wakiona vitone, hawabishani bei.

Mimi shule niliishia darasa la nne, wala sijutii. Nilichotaka duniani ni kuchoma vile vitone. Kila nikimwomba, baba alisema, "Siku nitakayokuambia."

Nikachoka kungoja. Ijumaa moja, baba yuko msikitini, nikachukua ubao wa mwarobaini, mbichi bado, nikaupiga randa mpaka ukang'aa kama sahani. Kulamba? Nani alambe, nina haraka! Nikachoma vitone vitatu, nikampelekea jirani yetu Bi Mwanaisha. Akanisifu, akanunua. Nilirudi kifua mbele kama bwana harusi.

Magharibi haijaingia, Bi Mwanaisha huyo mlangoni, kibao kwapani, bakuli la kachumbari mkononi.

"Fundi, umeniuzia kibao au dawa ya homa? Mume wangu kauliza kama namtibu malaria!"

Mama alicheka hadi akakaa chini. Baba hakucheka. Alikilamba kibao, akatema, akamrudishia Bi Mwanaisha pesa zake. Kisha akaniwekea lile bakuli mbele yangu: "Kula." Nikala yote, machozi yananitoka. Halafu akashika randa, akavifuta vile vitone taratibu, kimoja kimoja. Heri angenichapa.

Leo nina karakana yangu Jeppestown, huku ugenini kusini mwa Afrika, nimeijenga kwa mikono hii, sikubebwa na mtu. Tangu 2015 vibao vyangu vinauzwa madukani Fordsburg, mtaa wa pili. Vijana wa siku hizi wanaokota mbao za paleti, hawajui zilibeba sumu gani, wanabandika stika, sharp, biashara imekwisha. Binti yangu aliyezaliwa hapa hapa ndiye anayenipigia picha za vibao kwa simu yake. Akinikuta nalamba, hupiga kelele: "Eish, Baba! Wateja wakikuona je?" Namwambia waje tu, nitawapa na wao walambe.

Juzi akaniuliza kwa nini nachoma vitone viwili, halafu naacha nafasi ya cha tatu.

"Malizia basi, Baba, kitapendeza zaidi."

Nikaweka msumari chini, nikamsimulia habari ya kachumbari. Nikamwambia viwili hivi nimejipa mwenyewe, ni vya jasho langu. Cha tatu ni cha babu yake kunipa, na babu yake alifariki mimi nikiwa tayari huku kusini. Ile siku ya kuniambia haikufika.

Wa leo hawangoji kuambiwa, kila mtu fundi tangu asubuhi. Sisi tulingoja, hata mimi niliyefunzwa na kachumbari. Mimi hapa nina mvi kichwa kizima, nalamba mbao kila siku ya Mungu, na pembeni ya kila kibao nafasi ya baba iko wazi.