Ndevu za Masizi

Harufu ya masizi ya sufuria yaliyochanganywa na mafuta ya nazi hunichosha. Leo mchana nimemfuta mwanafunzi ndevu za kuchora, na harufu imenibaki vidoleni.

Nami nilipokuwa mwanafunzi niliwahi kupakwa ndevu hizo. Mwalimu alitusomea hadithi ya binti anayeozwa bila hiari yake, kisha akataka tuiigize. Nilikuwa baba. Binti alikuwa mwenzangu wa dawati, mtoto wa kijiji cha Mkange aliyelelewa mjini na shangazi yake. Alipaswa kusema, "Sitaki, baba. Nataka kusoma."

Nikakohoa kiutu uzima. "Mwanangu, umeposwa. Waridhia?"

Akavuta mtandio usoni, akainama. Kwetu mwali akiulizwa akanyamaza, basi karidhia. Darasa zima likapiga vigelegele, tukacheka hadi mwalimu akagonga meza.

"Sema maneno yako, mwanangu."

"Nimeyasahau, mwalimu."

Haukupita muda, shangazi yake akatuletea nyumbani sahani ya halua ya harusi. Ilikuwa na iliki nyingi. Tangu siku ile nikawa nalikalia dawati peke yangu.

Leo mwanafunzi aliyeigiza binti darasani kwangu naye kanyamaza. Vigelegele vilipoanza nikavikatiza, nikawaruhusu watoto waende. Wote wamekwenda, ila yeye kasimama mlangoni, mtandio usoni. Miguu yaniuma, na nyumbani sijabandika hata maji. Nimemvutia kiti.

"Kaa, mwanangu. Hapa hakuna wa kupiga vigelegele."