Ndama Huona Siku ya Kwanza

Tangu usichana wake Batula alizalisha ng'ombe wa babake katika mbuga za Garsen, na jambo moja alilijua bila kufundishwa: ndama akizaliwa asubuhi, adhuhuri anamwona mamake na kumfuata. Hamdi, bintiye wa miezi mitatu, alikuwa haoni. Ukimwita anageuka. Ukinyamaza, macho yanaelea tu.

Wa kulaumiwa alishapatikana. Hamdi alizaliwa mimba ikiwa ya miezi saba, wakati wa mafuriko ya El Niño, na Kanze, muuguzi Mgiriama wa zahanati, alimpaka dawa ya macho bila kusema ni ya nini. Batula alikaa na shaka yake kimya. Nani huwaeleza wanawake wa wafugaji jambo lolote? Wanaandikwa, wanapakwa, wanaambiwa wapishe mwingine.

Siku hiyo aliingia zahanati bila salamu.

"Sista, ile dawa ulipaka mtoto wangu, wako ungempaka?"

"Wangu niliwapaka wote wanne, mama Hamdi. Inazuia usaha."

"Na wanaona?"

Kanze aliweka kalamu chini. "Kwani huyu haoni?"

"Hata ndama anaona siku ya kwanza."

"Ndama humaliza kazi tumboni. Mtu huzaliwa kazi ikiendelea. Nyuma ya jicho kuna utando wenye chembe za kunasa mwanga. Zile za katikati, za kutambua uso, mtoto huzaliwa nazo zikiwa fupi, nene, zimeachana. Hurefuka na kusongamana polepole, miezi na miezi. Na huyu wako alitangulia miezi miwili. Kwa macho yake, ana mwezi mmoja."

"Maneno matamu."

"Basi usiniamini. Mpime mwenyewe, hapo penye mwanga. Msogelee hadi kama shubiri moja, usogeze uso wako huku na huku, na usiseme neno, asije akafuata sauti."

Batula alimwinamia mtoto dirishani, uso wake umezungukwa na mtandio mweusi, akausogeza kulia taratibu. Macho yakabaki yalipokuwa. Kisha, kwa kuchelewa, yakamfuata hadi nusu ya njia, yakamwacha.

Huenda ni bahati tu. Akausogeza kushoto. Yakaja tena.

"Umeona?" Kanze aliuliza.

"Nyamaza, sista. Atafuata sauti yako."

Akaanza upya, mara ya tatu. Nje foleni ilinung'unika. Kanze akaenda kusimama mlangoni, akaizuia.